Kabla gari la zimamoto halijafika, sisi tunatumia nini?

Ndugu Mhariri,

Shikamoo, na pole na majukumu. Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako niongelee hizi hela za vifaa vya uokoaji. Kila ukifika msimu wa bajeti tunasikia magari ya zimamoto yanakuja, tukasikia na ule mkopo wa dola milioni 100 kutoka Falme za Kiarabu kwa ajili ya magari na helikopta, na mimi sipingi hata kidogo, yaje tena yaje mengi. Ila sisi wa huku Inyala, Mbeya, tunaoishi kando ya barabara ya Tanzam, hii barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Zambia, tuna swali letu, kwamba kabla hilo gari halijafika nani anamtoa mtu kwenye vyuma na anamtoa kwa kutumia nini?

Anayeijua hii barabara hahitaji maelezo mengi. Malori ya Tunduma, ya Zambia, ya Kongo, usiku na mchana, mteremko wenyewe ndo huo, ukungu ukishuka huoni hata bonde, afu kuna madereva wanapiga fri, yaani wanatoa gia gari literemke lenyewe, ili wabanie mafuta. Breki zikigoma basi. Zimamoto wanatokea mjini Mbeya na mimi siwalaumu hata kidogo maana waje na king'ora wasije na king'ora, foleni ya Uyole ni ile ile, na huu ujenzi wa njia nne kutoka Nsalaga kwenda uwanja wa Songwe ndo kabisa, gari kubwa lenye maji litapaa? Kwa hiyo wanaofika kwanza ni bodaboda wa kijiweni, mama lishe, fundi wa kuchomelea na mimi mwenye duka la dawa.

Niseme nilichokiona. Lori limeilalia hiace, dereva wa hiace miguu imebanwa chini ya dashibodi, anaongea vizuri tu, anaomba maji. Vijana wamechukua jeki kwenye lori hilo hilo lililopata ajali, mwingine kaja na mtaimbo, mtaimbo unapinda mlango lakini haufungui, ndo fundi akaleta grenda yake na ekstensheni kutoka karakana, akaanza kukata. Cheche zinaruka mpaka kwenye lami na pale chini mafuta yanatiririka. Mzee mmoja akawa anapiga kelele zima hiyo kitu, zima, na alikuwa na haki kabisa, sisi wote tunakumbuka ya Msamvu pale Morogoro Agosti 2019, watu zaidi ya 100 wamekufa kwa lori moja la mafuta lililolipuka. Fundi akazima. Sasa ukizima grenda unamtoaje mtu? Wakarudi kwenye mtaimbo, wakamvuta, wakambeba mikononi kakunjika mgongo kama gunia la viazi mpaka kwenye noah. Dukani kwangu walimaliza glovu zote na bandeji zote, na hela sikuomba, nani ataomba hela usiku ule.

Zipo mashine za kukata na kupanua vyuma zinazofanya kazi kwa mgandamizo wa mafuta, nyingine unapampu kwa mkono tu, haihitaji umeme na haitoi cheche kama grenda. Ubao wa kumlaza majeruhi asikunjwe uti wa mgongo, kola za shingo, tochi za kuvaa kichwani, vizima moto vya unga viwili vitatu, koni na vizibao vya kung'aa usiku maana sahivi tunatahadharisha magari kwa matawi ya miti, na tawi gizani kwenye ukungu dereva analiona akiwa ameshalikanyaga. Hivyo vyote vinaenea kwenye chumba kimoja cha ofisi ya kata. Ukilinganisha na bei ya gari moja kubwa la zimamoto ni hela ndogo.

Nikiongea hivi kuna watu wananiambia vijana wajiunge kikundi wakaombe ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, nne za wanawake, nne za vijana, mbili za wenye ulemavu. Jamani ule ni mkopo, hauna riba sawa, lakini unarudishwa. Kikundi kikikopa bodaboda inabeba abiria na marejesho yanapatikana, sasa mashine ya kukatia vyuma itambeba nani? Utamtoza majeruhi? Hiki kitu hakizalishi hela na hakitazalisha milele, ndo maana nasema inatakiwa ruzuku, hela ambayo serikali inatoa inajua hairudi.

Na sio jambo geni duniani. Marekani wana mfuko wa serikali kuu unaoendeshwa na FEMA, shirika lao la kushughulikia maafa, umeanza kutoa hela mwaka 2001, vikosi vya zimamoto vya miji na vijiji vinaandika maombi vyenyewe, hata vile vya watu wa kujitolea ambao kule ni wengi sana. Kilichonivutia mimi ni utaratibu. Maombi yanapimwa na wazimamoto wenzao wanaoijua kazi, na anayepewa lazima achangie kidogo, eneo lenye watu wasiozidi 20,000 linachangia asilimia 5, kubwa zaidi mpaka watu milioni moja asilimia 10, likizidi hapo asilimia 15. Yaani mdogo anabebwa zaidi. Kwetu hapa msaada unashuka tu kutoka juu, mkoa unapokea ulichopewa, kijiji kilichopo kwenye kona mbaya hakina mahali pa kupeleka karatasi ya kusema sisi tunahitaji moja mbili tatu. Sisemi tuige kila kitu, wao hela wanazo, ila hiyo ya kuomba kutoka chini na kuchangia kidogo tunaiweza, hata kijiji kinachanga mbona tunachangia madarasa na zahanati miaka yote.

Hela itoke wapi? Wenye biashara tunalipia ukaguzi wa zimamoto, unapewa kontro namba unalipa. Sehemu ya hizo hela irudi kwenye mfuko wa vifaa vya kata zilizo kando ya barabara kuu, kuanzia Kitonga kule Iringa mpaka Tunduma. Mtu akilipa halafu akiona koni na machela kwenye ofisi ya kata yake hata kulalamika kutapungua.

Najua kuna atakayesema vitaibiwa. Vingine vitaibiwa, ndiyo, tusidanganyane, tochi hasa. Lakini mashine ya kukata vyuma ukiiba unaiuzia wapi hapa Inyala, nani hataijua? Vikae kwa mtendaji, orodha ibandikwe ukutani, askari wa zimamoto waje mara kwa mara wakague na wafundishe vijana, hasa hiyo ya kufundisha, maana kifaa bila mtu aliyefundishwa ni kumuumiza majeruhi mara ya pili. Bukoba Novemba 2022 ndege ilipoanguka ziwani wavuvi ndo waliofika kwanza, watu 24 wakatoka hai na 19 wakafariki, na yule kijana mvuvi Majaliwa aliyesaidia kuokoa abiria akapewa ajira zimamoto, jambo zuri sana tulishangilia wote. Ila mtu wa kwanza kufika atakuwa mvuvi, bodaboda au mama wa nyanya siku zote, na wote hatutaajiriwa.

Halafu simu. Ukipiga 114, namba ya zimamoto, unaulizwa uko wapi, usiku, mtu katetemeka, anasema niko Inyala hapa chini ya mteremko karibu na kanisa. Mteremko upi, kanisa lipi? Wakati huo huo serikali hii hii ina m-mama, mjamzito akizidiwa inapigwa 115, wanatafuta gari la wagonjwa na kama halipo wanatafuta dereva wa karibu aliyesajiliwa, anampeleka mama hospitali na hela yake inaingia kwenye simu. Ilianzia Sengerema na Shinyanga, sahivi nchi nzima ipo. Madereva wa noah wapo, simu zipo, mfumo umeshazoeleka. Kwa nini majeruhi wa ajali asiingizwe kwenye utaratibu kama huo, mwenye noah asiwe anabembelezwa barabarani huku anawaza siti zake zitajaa damu na mafuta yake nani atarudisha?

Waheshimiwa wabunge wetu wa Mbeya, Songwe, Njombe na Iringa wengi wanapita hii barabara kwenda Dodoma. Naomba wakiwa kule wamuulize waziri wa mambo ya ndani swali hili moja, hela za vifaa vya uokoaji zina fungu la kata na vijiji au hazina, na kama hazina litawekwa lini.

Mwenye duka la dawa,
Inyala, Mbeya