Harambee ya kurekodi habari za sinema ya Vuga

Assalaam alaykum wazazi, walezi, wanafunzi wetu wa zamani, na ndugu zetu mlioko Bara, Muscat, Dubai, London na kwengineko.

Klabu ya Historia ya skuli yetu inaomba mchango wa shilingi milioni 6. Tuseme mapema, isije ikaleta maneno: fedha hizi si za kulitengeneza jengo la Majestic, sinema ya zamani ya mtaa wa Vuga, Mji Mkongwe wa Unguja. Jengo lina wenyewe, na Mji Mkongwe una mamlaka yake. Sisi tunataka kuwarekodi watu.

Wanafunzi wetu wanapita Vuga kila siku na wengi hawajawahi kukaa ndani ya ukumbi wa sinema. Tulipowapa kazi ya kuwauliza wakubwa wao majumbani, walirudi na habari ambazo hazimo katika kitabu chochote cha darasani.

Zamani kabisa watu wa mjini wakiangalia picha kwenye banda la mabati, wakaliita Sinema ya Bati. Mwaka 1921 likajengwa jumba la mawe pale Vuga, Royal, la Hassanali Adamji Jariwalla, mfanyabiashara aliyekuwa wa mwanzo mwanzo kuileta biashara hii Unguja. Ramani aliichora John Sinclair, ofisa wa Kiingereza ambaye pia alichora Mahakama Kuu na Beit el Amani. Jumba lile likaungua miaka ya 1950, na mwaka 1955 ikasimama Majestic mahali pale pale, safari hii kwa ramani ya Dayalji Pitamber Sachania.

Lakini habari tamu ni za baskeli. Filamu ilikuja kwa makopo. Kopo la mkanda wa milimita 35 wenye urefu wa futi 1,000 halifikishi dakika 12, maana mashine inapitisha picha 24 kila sekunde, kwa hiyo filamu ya Kihindi ya saa tatu ni mzigo wa makopo kumi na tano na zaidi. Nakala ikiwa moja na kumbi mbili zinaitaka usiku ule ule, ukumbi mmoja hutangulia kuanza. Kopo likimalizika, kijana analifunga nyuma ya baskeli na kukata vichochoro kulipeleka ukumbi wa pili, kisha anarudi kufuata jengine. Akichelewa, taa zinawashwa na miluzi inaanza. Wanafunzi walicheka sana kusikia hivi, halafu wakauliza swali ambalo mimi mwalimu wao sikuwa na jibu lake: vijana wale walilipwa kiasi gani? Anayejua ni aliyeifanya kazi ile.

Kuna na habari za zanana, maonesho ya wanawake peke yao, ambayo kina bibi wanayazungumza kwa furaha wasiyoionesha kwa jambo jengine lolote. Jumapili ilikuwa siku ya familia. Tiketi zikimalizika dirishani, walanguzi wanakungoja nje na bei yao. Ikija filamu ya Raj Kapoor, nyota wa sinema za Kihindi, usiseme!

Baada ya Mapinduzi ya 1964 kumbi zilichukuliwa na serikali. Miaka ya 1970 ikaja televisheni ya rangi, ambayo Bara hawakuwa nayo, kisha video. Kumbi za Empire na Cine Afrique ziligeuka maduka. Majestic iliporomoka paa. Tamasha la Nchi za Jahazi limetuletea filamu Ngome Kongwe tangu 1998, na tunalishukuru, ila tamasha ni la siku chache kwa mwaka, na ile ilikuwa desturi ya kila wiki.

Haraka yetu ni ya hesabu tu. Mtoto aliyekuwa na miaka 10 ilipofunguliwa Majestic sasa amefika 80. Na majengo nayo tumeona: tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit al Ajaib, jumba la kale la Mji Mkongwe, ilianguka mchana kweupe.

Fedha zitanunua vinasa sauti, skana na diski za kuhifadhia, zitalipa nauli ya boti kwenda Pemba, ambako nako sinema zilikuwepo, na kuchapisha mabango ya maonesho. Kina bibi watahojiwa na wanafunzi wa kike pamoja na mwalimu wa kike. Maonesho tutayafanya usiku mmoja hapa hapa uwanjani, kwa shuka jeupe na mashine ya kukodi. Wazee watakaa mbele, bure.

Asiye na fedha ana kitu chengine. Picha ya zamani, kipande cha tiketi, tangazo la filamu: lete, tutalipiga skani mbele yako na utaondoka nalo. Kuna anayeweza kutukopesha jenereta na viti. Nyinyi wa Muscat, ambako wengi mmebeba kumbukumbu za Unguja ya kabla ya 1964, mkalisheni mzee karibu na simu, mrekodini, kisha mtumieni jamaa yenu mwenye mtoto hapa skuli.

Michango inapokelewa ofisi ya mwalimu mkuu kila siku ya masomo hadi saa nane mchana, na risiti unapewa hapo hapo. Mshika fedha ni mzazi aliyechaguliwa na kamati ya skuli, si mwalimu. Hesabu zitabandikwa ubaoni kila mwisho wa mwezi, pamoja na kilichonunuliwa na bei yake. Kikizidi chochote, kitanunua vitabu vya maktaba.