Barua ya wazi kwa mpwa wangu: majina yaliyogongwa kwenye shaba

Mpwa wangu mpenzi,

Uliniambia kwamba tasnifu yako itahusu Uingereza ya karne ya 17, na kwamba huna budi kuandika habari za wafalme na wabunge kwa sababu watu wa kawaida hawakuacha kumbukumbu za kutosha. Kabla hujaipeleka mada hiyo kwa msimamizi wako, naomba unisikilize. Wauza mishumaa, waoka mikate, wenye nyumba za wageni na hata wajane wa nchi hiyo waligonga majina yao kwenye vipande vya shaba, na vipande hivyo vipo kwa maelfu hadi leo. Nakuandikia hadharani kwa kuwa nawajua wanafunzi wengine wenye dhana kama yako.

Mambo yalianzia kwenye chenji. Watawala wa Uingereza walishikilia kwamba sarafu ya heshima ni ya dhahabu au ya madini ya fedha. Peni ya fedha ilikuwa na uzito wa takriban nusu gramu, kwa hiyo robo yake isingeshikika hata vidoleni, ilhali maskini alihitaji robo peni hiyo hiyo kila siku kwa mahitaji madogo ya nyumbani. Mwaka 1613 Mfalme James I alimpa Lord Harington hati ya ukiritimba ya kutengeneza robo peni za shaba. Zilikuwa nyepesi mno, wenye hati wakapata faida, waghushi wakazijaza mitaani, na watu wakazichukia. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vikauvunja mpango huo, na Januari 1649 Charles I akakatwa kichwa. Kugonga sarafu kulikuwa ni haki ya mfalme, na sasa mfalme hakuwepo. Wenye maduka hawakungoja Bunge liwatafutie dawa. Kati ya mwaka 1649 na 1672 walitoa tokeni zao wenyewe, yaani vipande vya shaba vya kutumika kama chenji, za robo peni, za nusu peni na baadaye za peni nzima, na aina zinazojulikana leo zinapita 10,000.

Ichukue moja uitazame kwa karibu. Ni kipande cha shaba cha upana wa milimita 16 hivi, chembamba, mara nyingi kimegongwa kikapinda kidogo. Upande mmoja umezungukwa na jina la mwenye duka, na katikati ipo alama ya biashara yake, kwa kuwa nyumba za wakati ule hazikuwa na namba na wateja wengi hawakujua kusoma. Muuza tumbaku aliweka mtu anayevuta kiko, mwenye nyumba ya kahawa aliweka mkono unaomimina kahawa kikombeni, na wauza viungo wengi waliweka nembo ya chama chao, yenye karafuu 9. (Usije ukadhani ni karafuu za Unguja: mkarafuu ulifika kwetu katika karne ya 19, na karafuu za wakati ule zilitoka visiwa vya Maluku.) Upande wa pili una jina la mji au mtaa, na katikati, mara nyingi, herufi tatu.

Herufi hizo tatu ndizo zilizonifanya niandike barua hii. Tuseme juu ipo S, na chini zipo T na M. S ni herufi ya jina la ukoo, T ni ya jina la mume, na M ni ya jina la mke. Sheria ya Uingereza ya wakati huo ilimhesabu mke kuwa chini ya mumewe, na mali yake inayohamishika ilikuwa ya mume. Hata hivyo, mume huyo huyo alipoagiza sarafu yenye kubeba heshima ya duka lake mbele ya majirani, aliona herufi ya mkewe haina budi kuwamo. Mimi nauona huo kuwa ushahidi kwamba mtaa mzima ulijua duka ni la watu wawili. Na mume alipofariki, wapo wajane walioendelea na biashara wakatoa tokeni kwa majina yao wenyewe.

Hakuna sheria iliyomlazimisha mtu kupokea tokeni. Ilipokelewa kwa sababu mpokeaji alimjua mtoaji na aliamini kwamba akizikusanya za kutosha atakwenda dukani kwake abadilishiwe kwa fedha halisi. Nyingine ziliandikwa wazi kwamba ni kwa ajili ya chenji ya lazima. Mwenye duka akifilisika au akihama, hasara ilimwangukia aliyebaki nazo mfukoni, naye kwa kawaida alikuwa mnyonge. Kwa sababu hiyo baadhi ya miji ilijitolea tokeni yake yenyewe, kama Bristol ilivyofanya mwaka 1652. Usiusahau upande huu utakapoandika. Wapo wanaozisifu tokeni kana kwamba hazikumwumiza mtu.

Agosti 1672, ufalme ukiwa umesharejeshwa, Mfalme Charles II alitangaza nusu peni na robo peni za shaba za serikali, zenye picha ya Britannia, mwanamke anayewakilisha nchi hiyo, akapiga marufuku tokeni za watu binafsi. Baada ya muda mfupi zilitoweka sokoni.

Chagua mji mmoja, si nchi nzima. Orodhesha tokeni zake, kisha ulinganishe majina na vitabu vya ndoa na mazishi vya parokia, na wosia, na orodha za kodi ya meko iliyoanza mwaka 1662, ambayo ilitoza shilingi 2 kwa mwaka kwa kila meko na hivyo inakuonyesha ukubwa wa nyumba ya kila mmoja. Kitabu cha ndoa kitakupa jina kamili la yule M, na cha mazishi kitakueleza nani alitangulia. Kama M ndiye aliyebaki, tafuta katika orodha za kodi uone kama meko zile zile sasa zinalipiwa kwa jina lake. Mimi ningeanza na wajane.

Mjomba wako