Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa hospitali yetu: leza ipo, mrija uko wapi?

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Tunakusalimu kwa heshima. Wiki iliyopita aliletwa mgonjwa wa saratani anayepumua kwa mluzi. Picha ya CT ilionyesha uvimbe umejaa ndani ya bomba kuu la hewa, ukabakiza upenyo usiofika milimita 5. Kwa upenyo huo mtu huhema hata akiwa ameketi. Uvimbe ulikuwa mfupi na mapafu chini yake mazima, yaani ule hasa unaofaa kuchomwa kwa leza, mashine ya mwanga mkali. Leza tunayo, ipo stoo, imefunikwa shuka safi. Mgonjwa alipewa mofini, ambayo hutuliza shida ya kupumua lakini haifungui njia. Akafariki Jumamosi.

Siku ya kuikatia leza hiyo utepe uliahidi kwamba vifaa vilivyobaki viko njiani. Njia hiyo ni ndefu, Mheshimiwa.

Kinachokosekana ni bronkoskopu ngumu, ule mrija wa chuma unaopitishwa mdomoni hadi kwenye njia ya hewa. Tunasikia umeambiwa kwamba ile ya kupinda inatosha. Tundu lake ni kama milimita 3 tu. Ukishapitisha waya wa leza humo, pa kufyonzea damu karibu hapabaki, na damu ikitoka daktari haoni kitu. Tena ganda lake linaweza kushika moto. Mrija wa chuma hauungui, mgonjwa anapumulishwa humo humo, bomba nene la kufyonza linapita kando ya leza, na damu ikichuruzika ubavu wa mrija unaikandamiza palepale. Wengi hawajui pia kwamba kazi kubwa ya leza hapa ni kukausha. Uvimbe ukishakauka, ni ncha ya mrija iliyokatwa mshazari inayouchonga, ukatolewa vipande vipande.

Bila mrija huo, leza yetu hii, ya aina ya Nd:YAG, ni hatari. Nao ukiwepo, tungeanza na wati 30 hadi 40, kila mpigo chini ya sekunde moja, mwanga ukienda sambamba na ukuta wa njia ya hewa. Ukielekezwa ukutani unaweza kutoboa, na nyuma yake kuna mishipa mikubwa ya damu. Oksijeni katika hewa anayopumulishwa mgonjwa lazima ishuke chini ya asilimia 40 kabla ya kupiga, la sivyo moto unaweza kuwaka kifuani mwa mtu. Oksijeni ya mwilini ikipungua, unaacha kuchoma, unampa oksijeni zaidi, kisha unaishusha tena ndipo uendelee. Bomba la sindano lenye maji ya chumvi likae karibu. Miwani ya kukinga macho iwe ya nanomita 1,064, yaani urefu wa wimbi la mwanga wa leza hii. Ile aliyoleta mzabuni, tunamshukuru, inafaa ufukweni Entebbe.

Tunahisi mashine iliingia kwa fungu la msaada na vifaa vikaachwa fungu la matumizi, kila ofisi ikidhani nyingine imeagiza. Tusahihishe kama tumekosea.

Leza haiponyi saratani. Uvimbe unaobana kutoka nje nao hauchomwi, unahitaji stenti, kijibomba cha kuiweka njia wazi. Ila kwa mgonjwa anayefaa, pumzi hurudi siku hiyohiyo, wakati mionzi huhitaji siku au wiki. Uganda, nchi iliyowaruhusu wauguzi waliofunzwa kuandika mofini mwaka 2004, haiwezi kushindwa na mrija.

Tunaomba seti moja ya bronkoskopu ngumu, na tarehe ya kufika kwake kwa maandishi. Miwani na nyaya za leza za akiba zikija pamoja tutashukuru, lakini mrija kwanza. Mrija, Mheshimiwa.

Wahudumu wa chumba cha upasuaji