Vitabu vya hadithi vitolewe kabatini

Mhariri habari za kazi, naomba kanafasi kidogo.

Nina binti yuko darasa la pili shule ya serikali huku kwetu Morogoro. Juzi kaja na kitabu cha darasani akanisomea ukurasa mzima bila kukwama, nikafurahi hadi nikamwita mama yake aje asikie. Sasa kwa utundu tu nikaweka kiganja juu ya maandishi, mtoto akaendelea kusoma vilevile! Kumbe kakariri. Kitabu hicho hicho toka Januari, wanakiimba darasa zima kila siku, we ulitegemea nini.

Nikaenda kuongea na mwalimu wake, mtu mstaarabu tu, ana watoto themanini na kitu, akaniambia mbona vitabu vya hadithi tunavyo, viko kabatini kwa mkuu. Na kabati lina kufuli. Kisa? Vimeandikwa kwenye leja, kikipotea kimoja au kikichanika mkuu ndo anaulizwa, kwa hiyo bora vikae. Nikaonyeshwa, bado vinanukia upya kabisa, picha za rangi, nikabembeleza nikaazimwa kimoja kwa usiku mmoja, cha fisi aliyeenda kunyoa saluni.

Mhariri, yule mtoto hakula. Alisoma kwa shida, neno moja analirudia mara tatu, kwenye "ng'ang'ania" nusura alie, ila hakuachia maana anataka kujua fisi kanyolewa au kala kinyozi. Mara hii nilivyoweka kiganja akautoa mkono wangu kwa hasira.

Kufundisha kusoma kwa silabi sikupingi, toka 2015 darasa la kwanza na la pili mkazo ni KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, na Kiswahili chetu kinasomeka kama kilivyoandikwa, ba be bi bo bu inamfikisha mtoto haraka tu. Tatizo akishafika hakuna cha kusoma. Wala tusisingizie hadithi za Kiswahili hakuna, Mradi wa Vitabu vya Watoto upo toka 1991 na waandishi ni Watanzania wenzetu.

Mkuu wa shule simlaumu sana, anaogopa ukaguzi na mimi ningeogopa. Ninaowaomba ni halmashauri, waseme wazi kwa barua kwamba kitabu kilichochanika mikononi mwa watoto sio hasara, kifutwe kwenye leja yaishe. Mbona chaki haiulizwi imeenda wapi? Sisi wazazi kamba ya katani na vibanio vya nguo tutaleta, vitabu vining'inizwe ukutani darasani usawa wa mtoto, achague mwenyewe. Na gundi tutaleta.

Kile cha fisi nilikirudisha kesho yake asubuhi kama tulivyokubaliana. Binti kila jioni ananiuliza kingine lini, mimi namwambia mwalimu anatafuta funguo.

Mzazi,
Kihonda, Morogoro