Barua ya wazi kwa Mheshimiwa mwenye dhamana ya meli: Meli ya Liemba inarudi lini?

Mheshimiwa, shikamoo. Najua una majukumu mengi ila leo utanivumilia kidogo, sisi tumeshavumilia vya kutosha.

Mimi nauza dagaa wa Kigoma hapa Moshi, soko la Mbuyuni. Juzi mzigo wangu umetoka Kalya, kijiji cha pembeni ya Ziwa Tanganyika, kwa boti la mbao, usiku ziwa likachafuka, nahodha akasema viroba vitupwe watu wapone, mdogo wangu alikuwemo humo, kafika Kigoma na nguo alizovaa tu, na mkopo wa kikoba unanisubiri mimi huku.

Enzi za Liemba, ile meli kongwe ya Ziwa Tanganyika, meli inasimama mbali na ufukwe, mitumbwi inaisogelea, mnapandia mlango wa ubavuni na magunia yenu, kelele, matusi, mtoto anapokelewa na mtu hata humjui, ila mnafika. 2018 ikasimama, tangu hapo kila tukiuliza tunaambiwa ukarabati uko njiani. Njia gani hiyo? Ziwa lenyewe na urefu wake wa kilomita zaidi ya 600 lina mwisho.

Wengine wanasema tatizo ni spea, wengine wanasema kuna wenye maboti wananufaika, mi nahisi wakubwa hawapandi ile meli, basi.

Mheshimiwa, Wajerumani walioijenga waliizamisha kwa makusudi vitani Julai 1916, lakini kabla ya hapo wakazipaka mashine grisi zisile kutu. Yaani aliyeizamisha aliitunza kuliko sisi tulioiegesha! Mwingereza akaiibua 1924, na 1927 ikarudi kazini. Ilikaa chini ya maji miaka ile yote jamani, sembuse hii iliyokuwa imefungwa tu bandarini.

Halafu kuna wanaosema iwe makumbusho watalii wapige picha. Meli iliyobeba wakimbizi wa Kongo 1997 na wa Burundi 2015 ndo iwekwe pambo? Watu wa Kalya hawapandi picha. Na msituambie ni kuukuu mno, reli ya hapa Moshi nayo ilikuwa imeota majani, tulishaizika kabisa, na Desemba 2019 treni ya abiria ikarudi baada ya miaka 25 hivi. Kumbe mkitaka mnaweza.

Siombi fidia ya viroba, najua sitapewa. Naomba tarehe Mheshimiwa. Liemba inarudi lini kubeba watu na mizigo? Hata kama ni mbali itaje, na ukiitaja usiibadilishe.

Muuza dagaa, Mbuyuni, Moshi