Mwanangu, kilicho chini ya zege

Mwanangu mpendwa,

Michoro ya bwawa lako uliyonitumia nimeitandaza mezani tangu jana asubuhi, na kila nikipita naisimamia tena. Nimeipenda. Utoro, ile njia ya kuyatoa maji ya ziwa yakizidi, umeuweka pembeni ya tuta la udongo linalolizuia ziwa, kwenye ardhi ya asili, si juu ya udongo wa kujaza. Hilo peke yake limenituliza moyo, kwa sababu wengi huupitisha utoro katikati ya tuta ili upendeze kutazama, na udongo wa tuta hushuka mwaka hadi mwaka, na zege linaloushukia huvunjika nao.

Ila kuna jambo limenikosesha raha, ndiyo maana nimeona nikuandikie, ili maneno yangu uweze kuyarudia ukiwa kazini. Katika karatasi zote nne umechora zege kwa uangalifu mkubwa: unene wake, nondo zake, kuta zake mbili, hata kona umezipinda vizuri. Chini ya zege hukuchora kitu. Umeacha karatasi nyeupe. Mwanangu, hapo penye weupe ndipo utoro unaposimama au kuanguka.

Unakumbuka utoro wetu wa kwanza? Wewe na dada yako mlikuwa mkikaa juu ya gunia na kuteleza hadi chini wakati wa kiangazi, mkirudi juu mbio na kuteleza tena. Siku moja niliwakataza ghafla, nikaufunga kwa miti na miiba, ukanilia siku nzima. Sikukueleza sababu, ulikuwa mdogo. Sasa nakueleza.

Utoro ule tuliujenga kwa haraka. Tulisawazisha udongo, tukapanga nondo, tukamwaga majamvi, yaani mabapa ya zege, ya unene wa sentimita kumi, basi. Misimu kadhaa ulionekana mzima kabisa. Asubuhi ile nilikuwa nateremka nao nikiwa na kipande cha nondo mkononi, nikigonga zege kila hatua moja, kama nilivyoelekezwa na fundi mmoja mzee. Juu lilikuwa likijibu kwa mlio mkavu, mfupi. Nilipofika jamvi la tatu mlio ukabadilika, likawa linavuma kama ngoma. Nikagonga tena, nikapiga magoti. Pembeni, pale jamvi linapokutana na ukuta, palikuwa na tundu la kuingia kidole. Nikachukua kijiti kirefu nikakiingiza, kikaenda, kikaenda, mpaka bega langu likagusa zege. Chini hapakuwa na udongo. Lilikuwa pango, na juu ya pango lile ndipo mlipokuwa mkicheza.

Udongo ule haukuondoka kwa siku moja. Maji yalipata mwanya kwenye kiungo, pale zege mbili zinapokutana, yakaingia chini, yakatafuta njia ya kutokea, na kila msimu yalipotoka yalibeba chembe chache. Zege likabaki limejishikilia kwa nondo zake, linapendeza macho, halina kitu cha kulibeba.

Nikupe hesabu ndogo uone nguvu ninayoisema. Utoro wako unashuka mita 5 kutoka kizingiti, pale maji ya ziwa yanapoanza kumwagikia, hadi chini. Maji yakishuka kimo hicho bila kuzuiwa sana hufikia kasi ya karibu mita 10 kwa sekunde. Sasa fikiria jamvi moja limeinuka kidogo kuliko lile la juu yake, unene wa sarafu tu. Maji yanayokuja kwa kasi hiyo yanagonga ule ukingo ulioinuka, yanasimama ghafla, na msukumo wake unaingia kwenye kiungo na kusambaa chini ya jamvi. Ukiingia wote, ni sawa na kulisukuma kutoka chini kwa kina cha mita 5 za maji, yaani kilo 5,000 kwa kila mita ya mraba. Jamvi lako la sentimita 15 lina uzito wa kilo 360 hivi kwa mita hiyo hiyo. Kwa hiyo hata sehemu moja ya kumi ya msukumo huo inatosha kulinyanyua. Haya si mambo ya mabwawa ya mashambani peke yake. Kule Oroville, California, bwawa refu kuliko yote Marekani, Februari 2017 jamvi la utoro mkuu lilipasuka na kung'oka katikati ya mtiririko. Wachunguzi walikuta zege lenye nyufa juu ya mifereji ya kutolea maji, na chini yake mwamba uliooza. Utoro wa dharura nao ulipotumika, ardhi chini yake ikaanza kuliwa, na watu wapatao 188,000 wakaamriwa kuhama. Uingereza nako, Agosti 2019, majamvi ya utoro wa bwawa la udongo la Toddbrook yaliporomoka, mji wa Whaley Bridge ukahamishwa watu kama 1,500, helikopta ikawa inashusha mifuko ya kokoto kuziba shimo. Lile lilikuwa tuta la udongo kama lako.

Kwa hiyo pale penye weupe naomba uchore hivi. Chimba mpaka ufikie ardhi ngumu isiyobonyea ukiikanyaga kwa kisigino. Usijaze shimo kwa udongo wa juu wenye mizizi. Mwanzoni kabisa, upande wa ziwa, teremsha ukuta wa zege wima ndani ya ardhi, uingie hadi kwenye udongo usiopitisha maji, na uupeleke pia kushoto na kulia, uzame ndani ya kingo kupita kuta zako za pembeni. Kazi yake ni kuyakatalia maji ya ziwa yasipite chini wala ubavuni. Nyuma ya ukuta huo, na si kabla yake, ndipo uweke tabaka la mchanga safi, juu yake kokoto, na mabomba yenye matundu ya kukusanya maji yatakayopenya. Ukiyaweka mabomba mbele ya ukuta utakuwa umelichimbia ziwa njia ya kukimbilia. Mchanga usiuruke eti kokoto zinatosha: kokoto peke yake hupitisha maji pamoja na udongo, mchanga ndio unaouzuia udongo. Na midomo ya mabomba itokee mahali utakapoiona kwa macho. Maji meupe yakitoka, huo ni mvujo wa kawaida, upime na uandike. Yakitoka na tope, mwite mhandisi siku hiyo hiyo.

Kwenye viungo, weka mkanda wa mpira wa kuzuia maji, upite katikati ya unene wa zege, na nondo zivuke kutoka jamvi moja hadi jingine ili moja lisishuke peke yake. Ukingo wa jamvi la chini uwe sawa na wa jamvi la juu, au uwe chini yake kwa milimita chache. Usikubali uwe juu. Piga magoti upitishe kiganja kwenye kila kiungo kabla zege halijakauka. Usimwachie fundi akuhakikishie kwa mdomo.

Kisha pembeni mwa kuta. Hapa ndipo penye uvivu mwingi kuliko pote, kwa kuwa mashine ya kushindilia haifiki karibu na ukuta na watu hurudishia udongo kwa koleo tu. Maji hupenda sana mpaka wa zege na udongo. Upande wa nje wa kuta uumbe mlalo kidogo, msingi uwe mnene kuliko juu, ili udongo unapojikaza uzidi kuubana ukuta badala ya kuachana nao. Rudishia kwa tabaka zisizozidi sentimita 15, kila tabaka lipigwe kwa kishindilio cha mkono, na udongo uwe na unyevu wa kiasi: ukiufinyanga kiganjani ushikamane, lakini usikuache na maji mkononi. Mkisema mmechoka, pumzikeni. Msirudishie kwa haraka jioni.

Chini kabisa, maji hayo yenye kasi lazima yapoozwe kabla hujayaachia korongo. Mhandisi amekuchorea bwawa dogo la kupoozea lenye meno ya zege, nimeliona, na vipimo vyake ni vyake, usivipunguze. Nitaongeza tu kwamba mawe makubwa utakayoyapanga baada ya hapo nayo yanataka mchanga na kokoto chini yake, la sivyo udongo utatoka katikati ya mawe na mawe yenyewe yatazama.

Sasa nije kwenye upana, maana najua shemeji yako anakushauri uweke mabomba mawili badala ya kizingiti cha wazi na kupitisha njia ya gari juu. Kataa kwa heshima. Kizingiti kilicho wazi kina tabia njema: maji yakizidi, nacho huzidi kupitisha. Cha mita 6, maji yakiwa na kina cha nusu mita juu yake, hupitisha kama mita za ujazo 3.6 kwa sekunde. Kina kikifika mita moja, hupitisha zaidi ya 10, karibu mara tatu. Bomba likishajaa halina ukarimu huo: kina cha maji yanayolisukuma kikiwa mara mbili, litaongeza chini ya nusu tu ya lililokuwa likipitisha. Tena gogo moja na majani ya usiku mmoja yanatosha kuliziba. Na tuta la udongo likishapitiwa na maji juu yake, mwanangu, halina saa nyingi.

Ndiyo maana ule wavu wa samaki uliouchora mbele ya kizingiti nimeuzungushia kalamu nyekundu. Naelewa hutaki samaki wako wapotee. Waliokuwa na ziwa la South Fork, Pennsylvania, nao hawakutaka. Lilikuwa ziwa la klabu binafsi ya uvuvi na uwindaji, juu ya mji wa Johnstown. Waliweka nyavu kwenye utoro ili samaki wasitoke. Kilele cha tuta kilikuwa kimeshushwa ili njia ya magari ya farasi ipite vizuri, na mabomba ya chini ya kupunguzia maji yalikuwa yameondolewa zamani na hayakurudishwa. Tarehe 31 Mei 1889 mvua kubwa ikaleta matawi na takataka, zikanasa kwenye nyavu. Watu walihangaika asubuhi nzima kuzisafisha, na wengine wakajaribu kuchimba utoro wa pili, hawakufaulu. Maji yakapanda juu ya tuta. Walikufa watu 2,209. Samaki wakipotea tutaleta wengine.

Na mbao pia. Kiangazi kikali kikija, mtu atakuambia uweke mbao juu ya kizingiti ili ziwa libaki na sentimita 30 za ziada, "tutaziondoa mvua ikianza." Mvua huanza saa nane usiku.

Mengine nayapitia kwa ufupi kwa kuwa unayajua. Shusha ziwa polepole kabla ya kazi, isizidi sentimita 30 kwa siku, maana maji yakikimbia haraka, ubavu wa tuta ulioloa hubaki mzito bila wa kuuegemeza na huteleza. Chepusha mkondo kabla hujafungua shimo. Zege lisiwe la majimaji kwa sababu tu mafundi wanataka limwagike kirahisi, na likishamwagwa lifunikwe na kuloweshwa siku 7 bila kukosa hata moja. Nondo zikae mbali na udongo, sentimita 7.5, juu ya vitalu vya zege, wala si vipande vya matofali. Kibali cha mamlaka ya maji kiwe mkononi kabla ya koleo la kwanza. Na kabla ya kibali, nenda kwa miguu hadi kwenye nyumba zilizo chini ya bonde, hesabu milango, keti na wenyewe, waeleze unachojenga na namba ya kukupigia wakiona maji ya ajabu. Wao ndio utoro huu unajengwa kwa ajili yao. Sisi tuna ziwa tu.

Nimemwomba dada yako anitafutie usafiri wiki ijayo. Lile shimo la ukuta wa upande wa ziwa, ukishalichimba, liache wazi, usimwage kitu mpaka nifike, nataka nishuke mwenyewe nilikanyage. Kipande changu cha nondo bado kipo nyuma ya mlango, nitakuja nacho.

Mama yako