Wateja tusigombane kwa gemu iliyouzwa haijaisha

Mhariri, naomba nafasi kidogo niongee na vijana wenzangu tunaocheza gemu za kompyuta, maana magazeti yetu ni mpira na siasa tu, gemu hakuna anayeigusa wakati watu wanatoa hela zao halali humo na sasa hivi tunafika hatua ya kununiana.

Naongelea Kerbal Space Program 2. Kwa asiyeijua, ni gemu ya kuunda roketi mwenyewe, unachagua injini, matangi, unapandisha vijitu vya kijani unavipeleka angani. Pale kijiweni kwetu kuna washkaji wawili hawasalimiani kwa ajili yake, na wala hakuna aliyeinunua! Mmoja anasema wachezaji wamepigwa, mwenzake anasema hakuna aliyepigwa kwani iliandikwa wazi kwamba haijaisha, ukinunua umekubali mwenyewe.

Ili muelewe hasira inatoka wapi lazima niseme ile ya kwanza ilikuwaje. Ilitengenezwa Mexico City na kampuni inaitwa Squad, ambayo kazi yake wala haikuwa gemu, walikuwa watu wa matangazo, ila kijana wao mmoja wa Kibrazili, Felipe Falanghe, ndo akaja na wazo. Ikatoka 2011 ikiwa changa kabisa, ikauzwa hivyo hivyo haijaisha kwa bei ndogo, na kila baada ya muda wanaongeza kitu, mpaka 2014 NASA wenyewe, shirika la anga la Marekani, wakashirikiana nao kuweka safari za kwenda kukamata asteroidi, yaani miamba inayoelea angani, na Aprili 2015 ndo likatoka toleo kamili. Kwa hiyo hata ile ya kwanza iliuzwa kwa mtindo huu wa eli aksesi, yaani unanunua gemu wakati bado inatengenezwa, na mi sikumsikia mtu akilalamika kwamba kauziwa mbuzi kwenye gunia.

Mi na mdogo wangu tuliicheza kwenye laptopu ambayo feni yake ilikuwa inalia kama mashine ya kusaga, tunaiweka juu ya vitabu viwili ipate hewa. Tulikuwa na daftari, tumeandika kwa kalamu: kufika obiti, yaani kuizunguka sayari bila kuanguka, 3,400, kwenda kwenye mwezi wao unaoitwa Mun 860, kushuka chini 580, hizo ni mita kwa sekunde za mwendo ambao injini inatakiwa kuongeza au kupunguza, ndo namna wanavyopiga hesabu kama mafuta yatatosha safari. Wikiendi ya tatu tukatua kweli. Mguu mmoja wa chombo ukakanyaga kwenye mteremko, chombo kikaanza kuinama taratiiibu, dogo kashika meza kwa mikono miwili ananiambia "kaka usiguse kitu, usiguse", kikasimama. Mafuta ya kurudi hatukuwa nayo. Yule mwanaanga tukamwacha pale wiki nzima mpaka tukaunda roketi nyingine ya kwenda kumchukua, na nakwambia hiyo wiki dogo alikuwa akitoka shule swali la kwanza ni la huyo mtu.

Sasa mtu aliyepitia hayo ukamwambia inakuja ya pili, yenye makoloni kwenye sayari, safari za kwenda kwenye nyota nyingine na kucheza na wenzako, unategemea nini? Ilitangazwa Agosti 2019 kwenye maonyesho ya Gamescom kule Cologne, Ujerumani, ikasemwa itatoka 2020. Ikasogezwa mbele, ikasogezwa tena, na hapo katikati wenye mali wa wakati huo, sio Squad tena bali Take-Two wa Marekani, wakaiondoa kazi kwenye studio iliyokuwa inaitengeneza wakaipeleka kwenye studio yao mpya, Intercept Games ya Seattle. Tarehe 24 Februari 2023 ikaanza kuuzwa haijaisha kwa dola 49.99, zaidi ya laki moja ya kwetu. Makoloni hakuna, nyota hakuna, kucheza na wenzako hakuna, na hata vitu ambavyo ya kwanza tayari ilikuwa navyo, kama kukusanya pointi za sayansi au chombo kupata moto kikirudi kwenye anga, navyo havikuwepo. Roketi ndefu zilikuwa zinayumba kama tambi za kuchemsha.

Hapo ndo ugomvi ulipoanza. Ukilalamika unaambiwa huna subira, ukitetea unaitwa chawa wa kampuni. Na mi nataka niseme kwa nia njema kabisa, kwamba kumwambia mteja mwenzako avumilie sio kazi yetu. Fikiria umempelekea fundi kitambaa na advansi ya kanzu ya Idi, Idi imepita, unaenda dukani kwake unakuta fundi kanyamaza halafu wateja wengine waliokaa kwenye benchi ndo wanakugombeza, "si ulijua kushona kunachukua muda". Jamani, na vitambaa vyao si viko humo humo? Fundi ndo anatakiwa aseme kanzu imefikia wapi.

Na hili la "ungerudisha tu hela yako" nalo tuliangalie vizuri. Sheria ya Steam, lile duka la mtandaoni la gemu, ni kwamba unarudishiwa ukiomba ndani ya siku 14 na uwe umecheza chini ya saa 2. Kwenye gemu ya roketi saa 2 unakuwa bado unafunga matangi na kurudia kuruka, mwezini hujafika, utajuaje kama kuna tatizo huko mbele?

Sisemi eli aksesi ni wizi, hapana. Gemu nyingine, Baldur's Gate 3 ya Wabelgiji wa kampuni ya Larian, iliuzwa hivyo hivyo kuanzia Oktoba 2020 ikiwa na sehemu ya kwanza tu ya hadithi, na kwa bei kubwa, watu wakasubiri karibu miaka mitatu na Agosti 2023 wakapewa gemu nzima. Subira ya wale ililipwa. Na hii ya Kerbal nayo nitende haki, Desemba 2023 ilikuja apdeti kubwa ikaleta sayansi na ule moto wa kurudi angani, na waliokuwa wanatetea walifurahi, walikuwa na haki ya kufurahi.

Ila baada ya hapo ukaja mwaka 2024, taarifa ya kisheria ikatoka kule Seattle kwamba watu 70 wa ofisi ya Take-Two ya pale wanapoteza kazi ifikapo tarehe 28 Juni. Novemba mwaka ule ule Take-Two wakatangaza wameshaiuza Private Division, kitengo chao kilichokuwa kinaitoa gemu hii. Apdeti zikakatika, makoloni hayakuja. Na gemu ikabaki dukani, bei ile ile, imeandikwa ile ile eli aksesi kama vile kuna mtu anaitengeneza. Hili ndo linaloniuma kuliko roketi kuyumba, na hapa mlalamikaji na mtetezi wote walitakiwa wawe upande mmoja kwa sababu mtoto wa watu anayeingia dukani leo hajui haya yote.

Steam kuanzia Februari 2025 wameweka tangazo kwenye gemu za namna hii zilizokaa muda mrefu bila kuguswa, linakwambia apdeti ya mwisho ina umri gani. Wamefanya vizuri, na mi naona wasiishie hapo, kama hakuna anayeitengeneza hilo neno eli aksesi litolewe na bei ishuke. Vijana msomao barua hii, kabla hujalipa kaangalie hiyo tarehe, usiangalie ahadi.

Wale washkaji wawili nimewaambia waje nyumbani Jumapili. Tumerudi kwenye ile ya kwanza na tunataka kujaribu kufika Duna, sayari nyingine ya humo kwenye gemu, dogo keshapiga hesabu kwenye lile lile daftari.

Mcheza gemu,
Mwanza